Kisu Hakihitaji Koti

Kati ya mambo madogo yanayoniudhi katika mji wetu wa Moshi, hakuna linalonichoma kama kisu kilichopakwa rangi. Nenda Mbuyuni au Kiboriloni utavikuta vimepangwa juu ya turubai: vyekundu, vya kijani, vya samawati, vingine vyeusi vyenye maua ubavuni. Kando yake yamelala mapanga yaliyopakwa vanishi au rangi nzito hata huoni chuma chenyewe. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nathubutu kuongeza kwamba kisu kibaya huvalishwa koti kwanza.

Hoja yangu ni moja. Koti hilo ni la dukani, si la jikoni wala la shambani. Ukishakinunua kisu, kivue.

Muuzaji atakuambia rangi inazuia kutu. Haya, tulitazame dai hilo. Vingi vya visu hivyo vya rangi ni vya stenlesi, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10 na nusu. Chuma cha namna hiyo, ambacho Harry Brearley alikitengeneza mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, hujifanyia chenyewe utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaokikinga. Sasa kitu chenye ngozi yake ya kuzuia maji unakipaka rangi ili kizuie maji? Huko ni kumvalisha bata koti la mvua.

Panga ni habari nyingine. Chuma chake hushika kutu kweli, na kiwanda hulipaka ili lisafiri baharini na kukaa ghalani bila kuharibika. Hapo sina ugomvi. Lakini siku ya kwanza ukilitia tupa, makali yamebaki wazi, na baada ya majuma machache ya kukata migomba na majani ya ng'ombe, bapa limechunika mabaka mabaka. Unyevu hupenya chini ya rangi iliyoinuka na kutulia humo, kutu ikala pasipoonekana. Koti lililolinda chuma ghalani huja kuficha ugonjwa wake shambani.

Jikoni jambo huwa zito zaidi, kwa kuwa kinachobanduka huishia chunguni. Niliwahi kuletewa mtori katika mgahawa mmoja wa hapa mjini, nikakuta kipande cha rangi nyeusi, ukubwa wa ukucha wa mtoto, kimekaa juu ya nyama. Nilipouliza, niliambiwa ni pilipili manga. Wataalamu husema ile ngozi isiyogandisha chakula, PTFE, inayopakwa pia kwenye vikaango, ikimezwa hupita tumboni bila kudhuru. Sawa. Lakini si kila rangi ni PTFE, na mimi nilikuwa nimeagiza ndizi na nyama.

Wapo wenzetu waliokwisha kuchoka na rangi hizo, na dawa yao ni kukitupa kisu kwenye jiko la mkaa mpaka rangi iungue. La hasha! Ugumu wa kisu hutokana na moto uliopimwa. Chuma huchomwa hadi kiwe chekundu, kikazimishwa katika maji au mafuta, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kisivunjike kama kioo. Mkaa wa jiko hupita nyuzi 600 za Selsiasi bila shida. Kisu kikitoka humo kimegeuka bluu, ujue ugumu wake umekwenda na moshi, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Moshi wenyewe nao si wa kuvuta: PTFE ikipashwa kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege walio tunduni na kumtia binadamu homa.

Kazi yenyewe haitaki moto. Funga makali kwa kitambaa kinene. Vanishi na rangi nyepesi hulegea kwa tina, ukiipaka nje ya nyumba, mbali na jiko. Iliyobaki ikwangue kwa msasa namba 120 uliolowa maji, maana vumbi kavu la rangi si la kuvuta, na rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Sugua kwa kufuata urefu wa bapa. Panda hadi 240, kisha 400. Stenlesi iishie hapo, ioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Panga na kisu cha chuma cha kawaida vinataka hatua moja zaidi, na hapa ndipo mlima wetu unapowazidi wenye viwanda. Kata mgomba uliokwisha kuzaa. Kila anayeishi kihambani anajua kwamba utomvu wake ukidondokea nguo, doa halitoki. Ndani yake mna tanini, na tanini ikikutana na chuma hufanya utando mweusi wa kuelekea samawati, ndugu wa wino wa kale. Paka utomvu, acha ukauke, osha, futa, rudia mara tatu au nne, umalizie na mafuta ya alizeti kidogo sana. Asiye na mgomba atumie siki au ndimu. Utando huo hauzuii kutu milele, lakini haubanduki kama ganda, kwa sababu ni chuma chenyewe kilichobadilika.

Najua kitakachosemwa: kisu cheusi ni uchafu, mkwe akija ataniona mvivu. Ziko nyumba ambamo kisu cha bibi, kilichonolewa hata kikawa chembamba kama jani la mchaichai, hufichwa mgeni anapopiga hodi, kikatolewa chekundu kisichoweza kukata nyanya. (Hata kisu cha ndafu harusini hufungwa utepe, picha zikiisha, mpishi huleta cha kwake.)

Kinachonikera kuliko mtori ule ni kwamba tunapoteza jicho la kukijua chuma. Wachaga walipata chuma kutoka Upare, wahunzi wa Mamba wakakifua, na mikuki ya mlima huu ikatafutwa hata na Wamasai. Mmisionari Bruno Gutmann aliona mhunzi wa Kichaga anastahili kuandikiwa makala nzima mwaka 1912. Mamba bado wanafua hadi leo. Panga litokalo kwa mhunzi lina alama za nyundo, na kama lina ufa, ufa unaonekana. Mnunuzi hulipiga kwa ukucha na kusikiliza mlio kabla hajatoa hela. Aliyenunua lililopakwa rangi huujua ufa akiwa shambani, na huko hakuna wa kumrudishia fedha yake.

Mfanyabiashara mmoja wa Mbuyuni aliniambia kwamba visu visivyo na rangi havina wateja. Nikamwuliza ni lini aliviweka mezani. Alicheka, akaniambia hajapata kuletewa.