Fumbeni, Lakini Mfumbue!

Waheshimiwa wahariri wa magazeti, na hasa nyinyi mnaopanga ule ukurasa wa ndani wenye nyota, vichekesho na chemshabongo, maneno haya ni yenu. Na nyinyi waandishi wenzangu mnaoona chemshabongo ni mchezo wa wastaafu na watu wanaongojea boti bandarini, msiondoke. Zamu yenu inakuja.

Mie nakaa Jozani. Kwa asiyepajua, ni kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, njia ya Makunduchi, pale watalii wanaposhuka kumpiga picha kima punju. Gazeti likitufikia huwa limekuja na gari ya shamba, limeshasomwa na watu watatu, na pengine limeshafungiwa mkate. Kinachobaki salama ni chemshabongo, maana aghlabu hakuna aliyeigusa. Mie huijaza, kwa kalamu ya risasi, tangu nipo skuli. Siku hizi jioni tunakaa barazani vijana wanne watano, mmoja anasoma, wengine wanajibu. Kwa hivyo nasema jambo ninaloishi nalo.

Nalo ni hili: chemshabongo zetu hazichemshi kitu.

Tazama. "Mnyama, herufi nne." Haya, ndugu msomaji, jibu. Chui? Kima? Fisi? Paka? Mbwa? Kobe? Wote wana herufi nne. Unangoja herufi ya njiani ikusaidie, inakuja I ya mwisho, na bado una chui na fisi mkononi. Hapo akili haikufanya kazi yoyote, ni kubahatisha tu. Linalofuata: "Mji mkuu wa Uganda, herufi saba." Jengine: "Kinyume cha usiku, herufi sita." Wallahi, hayo ni masuala ya mtihani wa darasa la tatu, yametiwa ndani ya vijumba ili yaonekane mchezo.

Kesho yake yanakuja majibu. Kijedwali kidogo, wino umevuja, hakuna neno hata moja la kueleza. Ulioandika "fisi" unaambiwa ni "chui". Kwa nini chui? Kwa sababu mhariri kasema. Umefunzwa nini? Hukufunzwa.

Sasa nikumbusheni, nani aliyetufundisha kufumba bila ya kufumbua? Si wazee wetu. Mtu alisema "Kitendawili!" akajibiwa "Tega!", na ukishindwa alikwambia "Nipe mji." Unampa Mombasa, hataki, unampa Bagamoyo, anautafakari, unampa Lamu, anakubali, anatembea kidogo katika mji wake mpya, kisha anakueleza jawabu. Na hapo ndipo ubishi unapoanza: ati vipi yai liwe nyumba isiyo mlango, na kifaranga hutokea wapi? Yule mtegaji alikuwa na deni kwako. Mji wako ameshauchukua, sharti akuridhishe. Gazeti linachukua mji wetu kila asubuhi, kwa bei iliyoandikwa juu ya ukurasa wa mwanzo, na halielezi kitu.

Lugha yenyewe inajua. Tunasema kufumba na kufumbua, kutega na kutegua. Vitenzi vimezaliwa pacha. Mhariri amechukua mmoja, wa pili kamwacha hospitali.

Tatizo jengine liko kwenye vijumba vyenyewe. Mchezo huu ulianzia Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo la kwanza la namna hii katika gazeti la New York World tarehe 21 Disemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Aliligawa kwa herufi, kijumba kimoja herufi moja, na kwa Kiingereza inafaa, maana maneno yao huishia kwa T, kwa D, kwa K, kwa lolote. Sisi karibu kila neno letu linaishia kwa irabu. Njia panda za chemshabongo yetu zimejaa A, I na U, na A haikwambii chochote, kwa sababu iko kila mahali.

Halafu nionesheni ng'ombe anakaa vipi humo. N, G, O, M, B, E? Basi huyo si ng'ombe, huyo ni "ngombe", mnyama ambaye sijapata kumuona hapa Unguja. Alama ya ng' ipewe kijumba chake? Ichupe? Kila gazeti linaamua lake, na wengine wanamkwepa ng'ombe kabisa. Ona hali tuliyofikia: mchezo wa Kiswahili usioweza kumtaja ng'ombe.

Wajapani walipoupokea mchezo huu hawakuubeba kama ulivyo. Waliupima kwanza na lugha yao, wakaona maneno yao yanakwenda kwa silabi, wakatia silabi moja katika kila kijumba. Basi. Hawakuomba ruhusa New York.

Na Kiswahili kinakwenda kwa nini, kama si kwa silabi? Muulize mtoto yeyote aliyecheza kinyume, ile lugha ya kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: samaki anakuwa kisama, kitabu kinakuwa bukita. Wala si mchezo wa jana. Edward Steere, yule padri aliyekuja kuwa askofu hapa Unguja, alitia mfano wa kinyume katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1870. Zaidi ya miaka arubaini kabla ya Wynne, watu wa mji huu walikuwa wakiyakata maneno kwa silabi na kuyapanga upya kwa burudani tu. Sikio letu limeshazoea. Macho ya mhariri ndiyo yaliyochelewa.

Hebu chora mraba wa vijumba tisa, tatu kwa tatu, ujaze hivi:

SA – MA – KI
MA – NE – NO
KI – NO – O

Soma kwa kulala, soma kwa kusimama. Samaki, maneno, kinoo. Samaki, maneno, kinoo. Kinoo ni lile jiwe la kunolea visu, kwa vijana wa mjini wanaonunua kisu kipya kila kikiwa butu. Sasa jaribu mraba huo kwa herufi. Samaki sita, maneno sita, kinoo tano. Haukai. Mie nimeupata barazani, na rula ya mtoto wa skuli, katika muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa. Sitaki kusikia kwamba haiwezekani.

Wapo watakaosema watu watabishana: mbwa ni kijumba kimoja au viwili? Ni viwili, m-bwa, sikiliza sauti inapokaza. Nge? Viwili pia, n-ge. Na wakibishana, vyema! Pale Jaws Corner watu wanabishana mpira mpaka kahawa inapoa. Siku moja wakabishana silabi, kuna ubaya gani?

Tuje kwenye dokezo lenyewe, maana hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo mwandishi anapojulikana. Chukua neno "paa". Gazeti litaandika: "Mnyama mdogo wa porini, herufi tatu." Mie naliandika hivi:

"Msituni anajificha, nyumbani linakufunika, jikoni samaki hufanywa kabla hajafika chunguni. Vijumba viwili."

Na sasa nalipa deni langu. Msituni ni paa mnyama, na hapa kwetu Jozani tunaye paa nunga, mdogo, mwoga, utakaa mwaka usimuone. Nyumbani ni paa la nyumba. Jikoni ni kupaa samaki, kumtoa magamba. Lakini angalia zaidi. Nimesema "anajificha", kisha "linakufunika". Ile A na ile LI ni vibao vya njia. Aliyeshika ngeli zake anajua papo hapo kwamba wa kwanza ni kiumbe na la pili ni kitu kiendacho kwa li- na ya-, na kwamba la tatu si jina tena, ni kitendo. Kiingereza hakina kibao hicho. Wao sharti wazunguke mlango wa nyuma; sisi sarufi yetu yenyewe inadokeza. Tumekaa juu ya hazina hii tunauliza mji mkuu wa Uganda.

Mwanamke anayechagua kanga Darajani anaufahamu ufundi huu kuliko ofisi nzima ya gazeti. Anasoma jina la kanga, anapima, anajua jirani gani litamkuta na mume gani halitamgusa. Maneno manne matano, maana mbili, na hakuna atakayeweza kumshitaki.

Nilimpelekea mhariri mmoja fumbo nililolitunga mwenyewe, jina la gazeti lake naliweka mfukoni. Ndani yake nilitia "punju". Wazee wa huku walisema punju ni sumu, ndiyo maana kima wetu mwekundu akaitwa hivyo: mti anaoula hufa, mbwa akimla hupukutika manyoya. Ni imani yao, siiapii. Jibu lilikuwa fupi: neno hilo halijulikani, tia maneno ya Kiswahili sanifu.

Halijulikani na nani, yakhe? Mwaka 1928, kule Mombasa, walikaa wakubwa wakachagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa hicho kisanifu. Kisiwa kimetoa msingi wa nyumba, na leo neno la kisiwa hicho likibisha hodi linaulizwa pasipoti. Na visingizio vya kukosa kamusi vimekwisha zamani. Haji Chum alitoa msamiati wa Kikae mwaka 1994. BAKIZA wametoa kamusi za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba, na Kamusi la Kiswahili Fasaha la mwaka 2010 liko madukani. Mhariri afungue tu. Na kama neno bado ni geni kwa msomaji wa Mwanza au Kisumu, si ndiyo faida ya kufafanua? Leo umeshindwa na punju, kesho umeelezwa punju, keshokutwa unalitumia. Chemshabongo ingekuwa skuli ya maneno isiyo na ada.

Najua watakavyojitetea: nafasi hakuna, na siku hizi kompyuta inatoa vijumba vyenyewe. Nafasi ipo. Nyota zinachukua robo ukurasa kutwambia wote kwamba wiki hii tutapata pesa. Punguzeni bahati ya Ng'e na Mapacha, mtupe mistari kumi ya ufafanuzi. Ama kompyuta, ndiyo hasa ugonjwa wenyewe: imefundishwa kuhesabu herufi za Kiingereza. Na wengine wamekimbilia sudoku, ile iliyoenea magazetini kote baada ya gazeti la The Times la London kuanza kuichapa mwaka 2004. Nafahamu kwa nini. Tarakimu hazihitaji mhariri anayejua lugha.

Sasa nyinyi, waandishi wenzangu. Yuko kijana mmoja miongoni mwetu, hodari wa hadithi fupi, anatembea na kitabu cha mafumbo ya Kiingereza kwapani kama hirizi. Anakusifia namna Waingereza wanavyozungusha herufi na kuficha neno ndani ya neno. Kweli wanazungusha, na mie nawapa haki yao. The Times imekuwa na fumbo lake tangu tarehe 1 Februari 1930. Mwalimu mmoja, Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes, aliandika kitabu kizima mwaka 1966 kuhusu haki ya msomaji: dokezo liwe na maana ya neno, liwe na njia ya pili ya kulijenga neno lenyewe, na lisiwe na takataka za ziada. Sasa niambie, ndugu yangu: wao wanajaza mafumbo yao wakaandika na sheria zake. Wewe unajaza yao, na yetu unayaita ya kitoto. Kama ni ya kitoto, kwani nani atayakuza? Mhariri? Mhariri unamjua.

Wewe unayelalamika kwamba hakuna mchapishaji wa diwani yako, jaribu kwanza kutunga madokezo ishirini, kila moja lisizidi maneno kumi na tano, kila moja liwe na maana mbili zinazosimama kwa miguu yao, na kila moja uweze kulieleza mbele ya muuza kahawa bila ya kugugumia. Mie limenichukua mwezi kupata kumi na moja ninayoyaridhia, na manne kati ya hayo baraza limeyatupa.

Kwa hivyo naomba gazeti hili letu, hata kama linatoka kwa kuungaunga, litenge nusu ukurasa. Vijumba vya silabi, maneno ya bara na visiwani na ya mwambao wote mpaka Lamu, jina la mtungaji chini yake, na toleo linalofuata ufafanuzi kamili, neno kwa neno, pamoja na barua za wanaopinga. Mtungaji atakayeshindwa kutetea dokezo lake asipewe nafasi mara tatu.

Naanza mwenyewe. Kulala, namba moja, vijumba viwili: "Ukiambiwa, utatulia, ukilikanyaga, utaruka, ukimfukuza kwenye mikoko yetu, atakimbia upande upande." Vibao vya njia nimeviacha wazi. Atakayeshindwa alete mji, na asinipe Pete wala Kitogani, huko nimeshajenga.