Kipande cha jengo kubwa: unanunua nini hasa?

Mahindi yakishauzwa, fedha nyingi za hapa Songea huenda kwenye kiwanja. Pita Msamala, Mjimwema au Ruhuwiko, utaona misingi iliyoota nyasi na matofali yanayosubiri msimu mwingine. Hatuwacheki wenye misingi hiyo, maana kiwanja hakiozi. Lakini msingi haulipi pango, na siku mtoto akiugua huwezi kuuza kona moja ya nyumba ukapata nauli ya kwenda hospitali.

Ndiyo maana maneno yanayozunguka kwenye makundi ya simu yamewavutia wengi: kwamba mtu wa kawaida anaweza kununua kipande cha jengo kubwa la mjini, akawa anapokea mgawo wa pango. Jambo hilo lipo kweli. Ni mfuko wa uwekezaji katika majengo, ambao kwenye matangazo huandikwa REIT na watu hutamka "riti".

Mwanachama wa AMCOS ataelewa haraka. Watu wengi wanachanga, mfuko unanunua majengo, wapangaji wanalipa, gharama zinatolewa, kinachobaki kinagawiwa kwa wenye vipande. Tofauti ni kwamba kwenye ushirika kila mwanachama ana kura moja, huku mwenye vipande vingi ndiye mwenye sauti kubwa. Marekani ilipitisha sheria ya mifuko hii mwaka 1960, na leo sheria yao inautaka mfuko kugawa angalau asilimia 90 ya mapato yake yanayotozwa kodi. Kenya ni angalau asilimia 80 ya faida.

Hebu tubaki Kenya, kwa sababu huko jirani zetu wamekwisha kulipia somo hili.

Novemba 2015 mfuko uitwao Fahari uliingia kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Kipande kimoja kiliuzwa shilingi 20 za Kenya. Ulitafuta shilingi bilioni 12.5, ukapata bilioni 3.6 tu. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Gharama za msimamizi, mdhamini, wakaguzi na soko zilibaki palepale, lakini majengo ya kuzibeba yalikuwa machache. Jengo lake kubwa lilikuwa Greenspan, eneo la maduka huko Donholm, Nairobi. Mfuko ukitegemea jengo moja namna hiyo, mpangaji mkubwa akiyumba, wenye vipande wote wanayumba naye.

Bei ya kipande sokoni ilishuka mwaka hadi mwaka, ikafika karibu na shilingi 6. Majengo yenyewe hayakuanguka. Thamani yake kwa kila kipande ilikuwa juu sana ya bei hiyo, ila wanunuzi hawakuwepo. Mwaka 2023 wasimamizi waliamua kuutoa mfuko kwenye soko la wazi, wakawapa wawekezaji wadogo nafasi ya kurudisha vipande kwa shilingi 11. Februari 2024 ukaondoka rasmi sokoni.

Tupige hesabu. Aliyenunua vipande 1,000 mwanzoni alitoa shilingi 20,000. Akivirudisha anapata 11,000. Mgawo wa kila mwaka ulikuwa chini ya shilingi moja kwa kipande, kwa hiyo hata tukiuhesabu kwa miaka 8 yote haufiki 8,000. Jumla haifiki 19,000. Baada ya miaka minane, mtu hajarudisha hata alichotoa, na hapo hatujagusa kupanda kwa bei ya unga.

Hakuna aliyeibiwa. Mfuko ulikuwa na leseni, majengo yalikuwepo, na mgawo ulilipwa. Kwa maoni yetu hilo ndilo la kuzingatia, maana wengi wetu tulijifunza kuogopa matapeli tangu DECI ya mwaka 2009, ile ya "kupanda mbegu", tukadhani kikiwa halali basi hakina hasara.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ina kanuni za mifuko hii tangu mwaka 2011, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Iliyopata leseni ya namna hii ni Watumishi Housing, iliyojenga nyumba kama zile za Gezaulole, Kigamboni, na Njedengwa, Dodoma. Lakini fedha zake zilitoka kwa mifuko ya pensheni na taasisi za umma. Mkulima wa Namtumbo hakuwa miongoni mwa waliochangishwa.

Taasisi hiyohiyo, ambayo sasa inaitwa Watumishi Housing Investments, ina mfuko mwingine uitwao Faida Fund. Huu ndio uliofunguliwa kwa kila mwananchi, kwa kuanzia na shilingi 10,000. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Jina la taasisi lina neno la nyumba, basi msikilizaji anaambiwa amenunua kipande cha nyumba. Sivyo. Faida Fund ni mfuko wa pamoja unaoweka fedha kwenye dhamana za serikali, amana za benki na kadhalika, jamaa wa ile mifuko ya UTT AMIS iliyoanza na Umoja mwaka 2005. Huenda ukakufaa sana, lakini usiuingie ukitarajia pango la Kigamboni.

Akija mtu na karatasi ya riti, mwambie akupe waraka wa matarajio uliopitishwa na CMSA, kisha mwulize maswali ambayo ungemwuliza dalali wa nyumba Lizaboni: nani amepanga, mkataba wake unaisha lini, msimamizi anakata kiasi gani. Halafu ongeza lile ambalo waliokuwa Fahari wangelipenda kuliuliza mapema: nikitaka kutoka, nani ananunua, na kwa bei ya nani? Kwenye mifuko kama Faida na UTT, mfuko wenyewe hukununulia vipande kwa thamani ya siku hiyo. Kwenye riti iliyo sokoni, lazima apatikane mnunuzi mwingine.

Fedha ya mbolea ya Novemba isiguse huko kabisa.