Mchungaji wa Vijana na Milioni za Ikulu

Kanisa la Jesus Winner, Roysambu, halikupaswa kuukubali mchango wa shilingi milioni 20 ambao Rais William Ruto aliutangaza pale Machi 2, 2025. Nasema hivi kwa ajili ya vijana, wale ambao wachungaji wetu hulalamika kila kukicha kwamba wameliacha kanisa. Jumapili iliyofuata walikuja, lakini walikuja kuupinga mchango huo, na polisi wakawarushia vitoa machozi.

Utetezi tumeusikia. Rais ni muumini kama wengine, ana biashara zake, na makanisa mengi ya Kenya yamejengwa kwa harambee. Ni kweli.

Lakini ni nani aliyezipiga marufuku harambee za maafisa wa serikali? Ni Ruto mwenyewe. Julai 2024, siku chache baada ya vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha kuingia Bungeni na wenzao kuuawa kwa risasi, alitangaza kwamba hakuna afisa wa serikali wala mtumishi wa umma atakayeshiriki tena michango hiyo. Hiyo ilikuwa ahadi kwa vijana. Miezi minane haijatimia, ahadi inavunjwa kanisani, mbele ya Biblia iliyofunguliwa, na mwenye mimbari anaitetea zawadi. Mshahara wa Rais ni takriban shilingi milioni 1.4 kwa mwezi kabla ya makato. Mchango huu unazidi mshahara wa mwaka mzima. Mwanafunzi wa chuo aliyeusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu kwenye simu yake ameshaipiga hesabu hiyo kabla sadaka haijamaliza kuzunguka. Anataka kujua fedha zimetoka wapi. Angetarajia mchungaji wake aulize kwanza, na mchungaji hawezi, kwa sababu zawadi imeshamfunga mdomo.

Halafu tunaambiwa kizazi hiki hakijui Neno. Jamani! Ni vijana hawa waliompa Rais jina la Zakayo, na wanaijua habari yake hadi mwisho: mtoza ushuru yule aliposhuka mtini aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Hayo ni mahubiri, yamehubiriwa barabarani na watoto wa Sunday school waliokua. Nyinyi wachungaji mnawajibu kwa taa za rangi, gitaa, Sheng ya kuazima na video za TikTok. Acheni. Kijana aliyemzika rafiki yake Juni 2024 hajakosa burudani. Amemkosa mchungaji atakayelitaja jina la rafiki huyo kwa sauti, mwenye mamlaka akiwa amekaa kiti cha mbele.

Na kanisa la Kenya limewahi kuwa na watu wa namna hiyo. Kabla ya kuwa askofu wa Kianglikana mwaka 1975, David Gitari alifanya kazi miongoni mwa wanafunzi Wakristo. Baadaye aliandika vitabu, lakini watu walimjua zaidi kwa mahubiri: alichukua fungu la Biblia, akalifafanua kwa utulivu, kisha akalileta hadi kwenye unyakuzi wa ardhi na uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Aprili 1989 wahuni waliivamia nyumba yake Kirinyaga usiku. Alinusurika kwa kupanda juu ya paa. Hakuna aliyehitaji kumfundisha namna ya kuwavutia vijana.

Wala hatulazimiki kurudi nyuma kiasi hicho. Novemba 2024, miezi michache tu kabla ya Roysambu, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais na Gavana Johnson Sakaja walikuwa wametoa katika parokia ya Soweto. Parokia hiyo ilikuwa na ujenzi: shilingi milioni mbili kati ya fedha hizo zilikuwa za nyumba ya mapadri.