Mtoto Asiyefikia Wastani



Matokeo ya mitihani ya taifa yatangazwapo, waamini wetu wa Karagwe na Kyerwa huulizana baada ya Misa: "Shule yetu imekuwa ya ngapi?" Mzazi aliyelipa ada ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne halikutaja tena shule kumi bora, nasi twaona lilifanya vyema, kwa maana katika kuwania nafasi hizo umezuka mtindo usiopatana na haki. Shule hujiwekea wastani wake. Mwanafunzi asiyeufikia hulazimishwa kukariri darasa, au mzazi wake huitwa ofisini na kushauriwa kwa upole amtafutie mahali pengine kabla ya mtihani. Kisha hutangazwa kwamba wote wamefaulu. Aliyeondolewa hahesabiwi popote. Serikali imekwisha kuukemea mtindo huo. Shule ya Kanisa haikupaswa kungoja ikemewe.

Kumfaulisha aliyekwisha kufaulu ni kazi nyepesi. Mwalimu hupimwa kwa mtoto aliyezungumza Kinyambo nyumbani, akasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na sasa yumo kidato cha kwanza akifundishwa fizikia kwa Kiingereza. Huyo ahitaji muda, vitabu na mtu wa kukaa naye jioni, wala si barua ya uhamisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwataka wachungaji na waamini wahakikishe kwamba shule za Kikatoliki zinawajali kwanza maskini wa mali, waliokosa upendo wa familia, na walio mbali na imani. Hautaji wastani.

Tukumbuke pia historia. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilitwaa shule nyingi za madhehebu, Ihungo ya Bukoba ikiwa mojawapo, ili watoto wasome bila kubaguliwa kwa dini zao. Baadaye tumejenga shule nyingine. Itakuwa aibu ubaguzi uliotolewa kwa mlango wa dini ukirudi kwa mlango wa mfuko.

Na mfuko wenyewe tunaujua. Ada hudaiwa Januari. Kahawa huanza kuvunwa kama mwezi wa Mei. Katikati hapo ndipo anapoingia mnunuzi wa butura: humpa mzazi fedha kahawa ikiwa bado ua au punje changa, na msimu ufikapo huichukua yote kwa bei ya kutupa. Mwaka unaofuata mzazi huanza na deni, hana cha kulipia muhula wa pili, na mtoto hurudishwa nyumbani mara kwa mara hadi wastani unaposhuka. Hapo huambiwa kuwa hana akili! Twazisihi bodi za shule zipange malipo kwa kufuata msimu wa kahawa, na Jumuiya Ndogo Ndogo zianzishe mfuko wa kumkopesha mzazi bila riba kati ya Januari na mavuno.

Juu ya malezi ya imani tutasema kwa kifupi. Mtihani ukaribiapo, kipindi cha dini ndicho cha kwanza kupewa hisabati, hata katika shule zenye msalaba langoni. Na tangu ada ilipofutwa katika shule za Serikali mwaka 2016, watoto wetu wengi wanasoma huko, ambako kipindi kimo katika ratiba lakini pengine hakuna wa kukifundisha. Katekista anayetembea kutoka kigango hadi kigango apewe baiskeli na posho na parokia; hatuwezi kumdai azima yake tu.

Halmashauri za Walei zikutanapo kabla ya mwaka mpya, twaomba zimwulize kila mkuu wa shule yetu idadi mbili tu: wangapi waliingia kidato cha kwanza, na wangapi kati yao walifanya mtihani wa kidato cha nne. Ikiwapo tofauti, yaombwe majina ya waliopungua na jumuiya zao, na wenyeviti wa jumuiya hizo wawatembelee majumbani.