Bendi Bora Ni Ipi? Ubishi wa Iguhu na Uhakiki Tulioupuuza

Yeyote aliyepata kuketi katika kibanda cha kinyozi pale sokoni Iguhu, katika eneo la Idakho, Kakamega, atakubaliana nami kwamba ubishi mkali zaidi mahali hapo si wa siasa wala wa mafahali wa kupiganishwa. Ni wa bendi. Redio ikicheza Les Wanyika, mmoja atasema kwamba Afrika Mashariki haijapata bendi nyingine wala haitapata. Wa pili atamkumbusha kuwa Les Wanyika ni mtoto wa Simba Wanyika, na mtoto hamzidi babaye umri. Wa tatu, ambaye kwa kawaida aliwahi kufanya kazi Nairobi, atawataja Super Mazembe kwa sauti ya kufunga mjadala, nao mjadala utakataa kufungika. Vijana wanaosubiri kunyolewa huwatupia wazee jina la Sauti Sol, wakaulizwa kwa kejeli ni nani kati ya wale wanne aliyekuwa akipuliza tarumbeta.

Nimekulia katika ubishi huo. Nilipojiunga na shahada ya uzamili nilidhani nimeuacha nyumbani pamoja na mambo mengine ya utotoni. Kadiri ninavyosoma nadharia za uhakiki, ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba wazee wale walikuwa wahakiki kabla yangu, na kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tumewakosea kwa kutowasikiliza.

Si sisi peke yetu tunaobishana. Uingereza na Marekani wapenzi wa muziki wa roki wamegombana tangu miaka ya 1960 kuhusu ubora wa Beatles na Rolling Stones, na wengine huwatanguliza Led Zeppelin au Queen. (Queen, tukumbushane, iliimbiwa na Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kwa hiyo hata katika ubishi wa wageni tuna mjomba.) Tofauti ni kwamba ubishi wao umeandikwa. Kuna vitabu, kuna majarida, kuna kozi za vyuo vikuu, na mwaka 2016 Bob Dylan alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wetu huishia kwa kinyozi, na mzee akifa huzikwa nao.

Tuangalie basi hoja zenyewe. Jambo la kwanza ambalo mzee wa Iguhu hulifahamu, na ambalo mwanafunzi asiyetafiti halijui, ni kwamba jina la bendi ni kitu cha kupita. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga walitoka Tanga, walikokuwa katika Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha na kuwasili Nairobi, ambako Simba Wanyika ilianza mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga, miongoni mwao mpigaji gitaa la rithimu Omar Shabani, wakaunda Les Wanyika. John Ngereza, Mtanzania mwingine, akajiunga nao, na wimbo wa “Sina Makosa” ukafuata muda mfupi baadaye. Je, ubora wa Les Wanyika ni wa nani? Ni wa shule iliyowalea au ni wa ujasiri wa kuihama? Dar es Salaam hali ni hiyo hiyo. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa nguzo ya NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na baadaye ikaitwa JUWATA. Mwaka 1978 akahamia Mlimani Park. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Hatimaye akarejea Msondo. Shabiki wa Sikinde na shabiki wa Msondo walitukanana miaka mingi kwa ajili ya sauti ile ile moja. Mwanafunzi wa fasihi angeliita jambo hili suala la utunzi na umiliki wa matini. Kinyozi wetu hulieleza kwa maneno machache zaidi: “Wanabadilisha shati tu.”

Jambo la pili ni kigezo. Wengi wetu, maadamu tumefunzwa kuchambua maneno, tungependa kusema kwamba bendi bora ni ile yenye mashairi bora. Nami nilishikilia hivyo hadi mzee mmoja aliponiuliza kwa upole: “Kijana wetu, Charonyi je?” Nikanyamaza. “Charonyi Ni Wasi” ni wimbo wa Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa Kenya iliyoongozwa na Habel Kifoto, na umeimbwa kwa Kitaita. Katika kibanda kile hapakuwa na Mtaita hata mmoja. Hata hivyo kila aliyekuwepo aliweza kuuimba mwanzo hadi mwisho, na kila mmoja alijua kwamba unahusu machungu ya kuwa mbali na nyumbani. Watu wa Idakho wameishi miaka mingi wakipeleka wana wao mijini na kwenye mashamba makubwa kutafuta kazi. Maana iliwafikia kupitia sauti na gitaa kabla ya msamiati. Kigezo changu kikapata ufa, na sijapata njia ya kuuziba vizuri.

Hata hivyo sikubali kwamba maneno hayana uzito. Ninapolazimishwa kuchagua, humchagua Mlimani Park, na najua kuwa pale sokoni nitakuwa katika wachache. Sababu yangu ni muundo. Wimbo wa dansi wa Tanzania una sehemu mbili: sehemu ya kwanza ya taratibu, ambamo kisa husimuliwa ubeti kwa ubeti, kisha chemko, ambamo magitaa na tarumbeta huchukua hatamu na watu wakainuka kucheza. Mlimani Park, chini ya uongozi wa kimuziki wa Michael Enoch, ilikuwa na watunzi na waimbaji kadhaa kwa wakati mmoja, akiwemo Gurumo, Hassani Bitchuka na Cosmas Chidumule, aliyetunga “Neema”. Wingi huo wa watunzi uliipa bendi wingi wa nafsi na wa misimamo, kiasi kwamba nyimbo zake zikikusanywa pamoja husomeka kama diwani moja yenye washairi wengi. Les Wanyika kwa upande wao hutumia maneno machache na kuyarudia, huku gitaa la Omar Shabani likisema yaliyosalia. Atakayeniambia kwamba uchache huo ndio ufundi wenyewe sitamkatalia sana. Nitamwomba tu aandike.

Na hapo ndipo penye kidonda. Nilipopendekeza kwa mara ya kwanza kutafiti nyimbo za dansi, niliambiwa katika idara moja, ambayo sitaitaja, kwamba hizo ni nyimbo za baa na kwamba heri nitafute riwaya. Mtu yule yule angeidhinisha utafiti wa taarabu bila kusita. Sijui mpaka huu ulichorwa na nani. Shaaban Robert, ambaye sote tunamheshimu kama baba wa fasihi andishi ya Kiswahili, hakuuona. Aliketi na mwimbaji Siti binti Saad, akaandika wasifu wake kwa uzito ule ule aliouandikia mambo mengine. Leo atakayetaka kusoma kwa kina kuhusu muziki wa dansi atalazimika kuwasoma Werner Graebner wa Ujerumani au Kelly Askew wa Marekani, ambaye kitabu chake kuhusu muziki na siasa nchini Tanzania kilitoka mwaka 2002. Kazi zao ni nzuri, wala siwalaumu. Lakini tangu lini mwenye shamba akaazima jembe la mgeni na mavuno pia?

Hoja kwamba maandishi ya nyimbo hizi yanapatikana kwenye intaneti hainishawishi. Mengi niliyoyaona yamenakiliwa na watu wasiojua lafudhi za pwani. Maneno yamekatwa pasipostahili, na neno lisilosikika vizuri limejazwa kwa kubahatisha. Atakayeyafanyia uhakiki atakuwa anahakiki makosa ya mnakili. Wa kusahihisha walikuwa watunzi wenyewe, na wanatuaga. George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Omar Shabani alimfuata mwaka 1998, Ngereza mwaka 2000, Kifoto mwaka 2011, Gurumo mwaka 2014. Waliobaki ni wasikilizaji, nao pia ni wazee.

Napendekeza kwamba chama chetu kianze na jambo dogo. Kila mwanachama anapokwenda likizo aketi na mzee mmoja wa kwao, achague naye wimbo mmoja, aunakili neno kwa neno akimsomea, na aandike pia mzee alivyoutetea dhidi ya wapinzani wake. Nakala hizo zichapishwe katika jarida hili. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Nyimbo za bendi hazina orodha ya namna hiyo, na hatuhitaji kuisubiri Paris.

Mimi nimeanza. Mzee aliyenishinda kwa Charonyi ana sanduku la kaseti chini ya kitanda, nyingine zimeshikana kwa unyevu, nyingine zimeandikwa upya juu kwa mahubiri. Likizo iliyopita tulinakili nyimbo mbili. Ya tatu mkanda ulikatika katikati ya ubeti wa pili, akaumalizia kwa kichwa, kisha akaniuliza kama bado nasema Mlimani.