Hamisha Kanda Kwanza, Uhariri Utasubiri

Makabati mengi ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja bado yana kanda za VHS za harusi, maulidi, mahafali na misiba. Wenye nazo wanaamini kwamba maadamu kanda ipo, kumbukumbu ipo. Imani hiyo ni ya hatari. Picha ya VHS imeshikwa na chembe za sumaku zilizogandishwa kwa gundi juu ya utepe wa plastiki, na gundi hiyo hunyonya unyevu. Katika joto la pwani hulainika, ukungu mweupe ukaota kingoni, na siku ya kuchezwa utepe ukanata kwenye deki. Hata kanda iliyosalimika ni bubu bila deki, na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizo, iliacha mwaka 2016. Anayengoja anapoteza kanda na deki kwa pamoja.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuhamisha kanda nzima kwenye kompyuta, kabla hata ya kufikiria kuihariri. Mafundi wengi hukata hapohapo, wakamkabidhi mteja dakika kumi zenye muziki mpya, na kilichobaki kikatupwa. Lakini thamani ya kanda ya miaka 30 mara nyingi imo katika kile ambacho mhariri angekikata: bibi anayetandika mkeka nyuma ya bwana harusi, duka ambalo sasa ni ghorofa, sauti ya mtu akiita jina lililokwisha kusahaulika. Ukishahifadhi nakala ghafi unaweza kuhariri mara mia. Ukihifadhi kipande tu, umechagua kwa niaba ya wajukuu.

Watasema ni gharama. Kweli, kanda ya saa 3 huhamishwa kwa saa 3, na kwa muundo wa DV kila saa hula takriban GB 13. Hata hivyo, diski moja ya GB 1,000 inabeba kanda kama 25 za namna hiyo, na ukoo mzima unaweza kuchangia deki moja. Tena si lazima kuhamisha kila kitu: sinema ya dukani iachwe, kianzwe kisicho na nakala popote. Wengine watasema simu ikielekezwa kwenye televisheni inatosha. Haitoshi, kwani inanasa michirizi ya kioo na kelele za sebuleni, na kasoro hizo haziondoki tena. Hoja nzito zaidi ni ya staha, hasa kanda za shughuli za wanawake ambazo hazikukusudiwa macho ya wote. Hoja hiyo inadai diski ifungwe kwa nywila na fundi awe mwanamke anayeaminika. Haidai kanda iachwe ioze. Kuhamisha si kusambaza, na familia haiwezi kuamua nani aone picha ambazo hazipo tena.