Anayejiajiri Naye Alipwe kwa Wakati

Vyuo vya Kenya vinapofanya mahafali, wageni wa heshima huwaambia vijana neno lile lile: jiajirini. Wengi wameitikia. Wapo wanaobuni nembo, wanaotafsiri nyaraka, wanaohariri video, wanaotunza hesabu za maduka, kila mmoja kwa jina lake. Huambiwa wajinoe, wajitangaze mitandaoni, wawe na nidhamu. Ushauri huo ni mzuri, ila unawatwika wao mzigo wote. Nionavyo mimi, kinachowaangusha wengi mwanzoni si uhaba wa kazi wala wa ujuzi. Ni kazi iliyokwisha kufanywa na haijalipwa.

Mtazame mpiga picha wa Nairobi. Harusi ya Jumamosi haimsumbui: familia hutoa arubuni mapema, na salio huingia kwa M-Pesa kabla albamu haijatoka mkononi mwake. Akipata kazi ya kampuni ndipo taabu huanza. Anapiga picha za mkutano Jumanne, anazikabidhi Ijumaa, anapeleka ankara. Ankara inasubiri LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, ambayo ilipaswa kutangulia. LPO ikitoka, wahasibu wanasema mwenye kutia saini amesafiri. Mwezi unakwisha, wa pili unaingia, na mwenye nyumba hangoji, wala makanga wa matatu, wala bando za intaneti. Kampuni kubwa inakuwa imejikopesha fedha za kijana asiye na akiba, bila riba na bila kumwomba.

Wenye kampuni wana jibu lao, nalo si la kupuuzwa: wao pia wanadai. Serikali kuu na za kaunti zina malimbikizo ya madeni ya mabilioni kwa wazabuni, na asiyelipwa atamlipaje mwingine? Lakini kampuni hiyo hiyo huhangaika mwisho wa mwezi, hata kwa kukopa benki, ili waajiriwa wapate mshahara, kwa sababu sheria iko upande wao. Anayefanya kazi ile ile kwa ankara huachwa mwisho wa foleni.

Na serikali inayomhimiza ajiajiri haikumsubiri. Mchango wa bima ya afya ya jamii, ulioanza Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mapato. Mwajiriwa hukatwa kila mwezi, baada ya kupata. Aliyejiajiri alitakiwa atoe wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani atoe sehemu ya mapato ambayo hajayaona. Baadaye ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole (SHA ni Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima hiyo), wa kumkopesha mchango huo. Deni juu ya madeni anayodai!

Njia ya mahakama ipo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Naisifu, ila anayeanza ana wateja wa kuhesabika. Akimshtaki mmoja, anahofia kuwapoteza wote. Wengi humeza machungu wakanyamaza.

Ndiyo maana naona dawa ni sheria inayotaja siku ya malipo kabla ugomvi haujazuka. Jiji la New York linayo tangu Mei 2017: kazi ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji tarehe, fedha zitolewe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Asiyelipa anaweza kuamriwa alipe maradufu. Bunge letu halikosi uwezo wa kuandika kifungu kama hicho, na serikali zetu zianze kukitii.

Wewe unayeanza, usiguse kazi ya kampuni kabla ya arubuni na tarehe ya malipo iliyoandikwa. Nawe mwenye kutia saini, pekua ankara zilizo mezani pako. Ukikuta ya kijana aliyekwisha kukukabidhi kazi, itie saini leo.